Tope la Pande na swali la mwanafunzi wangu

Nimerudi Mtwara Jumapili usiku kutoka Pande kwa mjomba, mgongo bado unauma, viatu vimeganda tope na kwenye begi nilibeba kama kilo tatu za udongo ambao mjomba alikuwa anautupa. Naandika sasa hivi kabla sijasahau maana wiki mbili hizi akili yangu yote imekuwa huko.

Lilianzia darasani. Form Three, kipindi cha saa tano, joto la Mtwara si mnalijua, nafundisha mabadiliko ya tabianchi kama ninavyofundisha kila mwaka, ile picha ya dubu mweupe juu ya barafu, grafu inapanda, viwanda vinatoa moshi. Binti mmoja wa nyuma ambaye huwa haongei kabisa akanyoosha mkono: "Madam, hao wanaosema hewa ilikuwa hivi miaka milioni kadhaa iliyopita, nani alikuwepo akapima?" Wenzake wakacheka. Mi sikucheka, kwasababu lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Nikamjibu kwamba wanasoma kwenye barafu na kwenye mawe. Akauliza tena, "Jiwe linasomwaje madam?" Kengele ikagonga, na nilishukuru imegonga, na hiyo shukrani ndo iliyoninyima usingizi.

Kuhusu barafu nilikuwa najua kidogo. Theluji ikianguka mwaka hadi mwaka inajikandamiza, inafunga ndani vipovu vya hewa ya siku ile, kwahiyo ukitoboa chini sana unatoa hewa ya zamani yenyewe, sio kumbukumbu yake. Kule Antaktika wametoa barafu inayorudi nyuma miaka 800,000, na kwenye vipovu vyake hewa ukaa inapanda na kushuka kati ya kama chembe 180 na 300 hivi kwenye kila milioni ya hewa, kwa zama zote za baridi na za joto zilizopita humo. Hata Kilimanjaro yetu ilitobolewa mwaka 2000 na Lonnie Thompson, mtaalamu wa barafu wa Marekani, na timu yake, wakapata barafu waliyoipigia hesabu kuwa na miaka kama 11,700. Lakini mwambie mtoto wa Mikindani habari za barafu, barafu anayoijua yeye ni ya ubuyu inayouzwa getini. Na barafu hata iwe nene vipi haikufikishi kwenye makumi ya mamilioni ya miaka. Huko inabidi uingie kwenye matope.

Basi usiku nikakaa na simu, bando linaisha naongeza, nasoma kuhusu matope ya baharini, mara nakutana na neno Pande. Nikadhani ni Pande nyingine. Nikashuka chini, nakuta Kilwa. Nangurukuru, Kivinje, Masoko, Pande, majina ya vijiji na miji yetu yamepangwa mstari mmoja kama majina ya tabaka za miamba, Nangurukuru iko chini kabisa maana ndo kongwe, tangu enzi za dinosaria, Pande iko juu, ina miaka kama milioni 34 hivi. Pande ndiko kwao mama yangu! Nilizaliwa nikakuta tunaenda Pande likizo, tunakula ming'oko na samaki wa kukaanga, tunapigwa kwa kuchafua nguo na lile tope, na hakuna mtu hata mmoja, mwalimu wala mzee, aliyewahi kuniambia kwamba tope lile limeandikwa kwenye majarida makubwa ya sayansi duniani.

Kwahiyo wikiendi iliyofuata nikapanda basi. Kutoka hapa mpaka Mnazi Mmoja, Lindi, halafu unakaza kwenda kaskazini, nikashuka barabara kuu nikachukua bodaboda. Nimefika mjomba yuko nyuma ya nyumba anasimamia shimo la choo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba, umekuja kunisaidia kuchimba?"

Shimo lilikuwa limefika kama futi kumi na nne. Juu kulikuwa na udongo mwekundu, unafuata wa njano wenye madoa, halafu chini kabisa rangi imebadilika, kijivu chenye ukijani, kama maji ya mlenda yakishapoa. Fundi alikuwa analalamika sururu inanasa, chepe inanasa, kila akitupa bonge nusu linabaki kwenye chepe. Na mjomba naye ana lalamiko lake la miaka yote, kwamba udongo wa hapa haunyonyi. Mvua ikinyesha shimoni maji yanakaa wiki tatu yanakutazama tu. Choo cha jirani kimejaa ndani ya miaka miwili kwa ajili hiyohiyo.

Nilivyomsikia anasema haunyonyi nikataka kuruka. Maana hiyo ndo siri yote jamani, mjomba ameisema bila kuisoma popote.

Ngoja nieleze taratibu. Zamani hapa palikuwa chini ya bahari, mamia ya mita chini. Juu kwenye maji ya jua walielea vidudu vidogo vya chembe moja tu ya uhai, wanaitwa foraminifera, kila mmoja anajijengea gamba la chokaa kutoka kwenye maji aliyomo. Akifa gamba linazama, linafunikwa na tope laini la mfinyanzi linaloletwa na mito kutoka bara. Wapo mpaka leo, hapo Msimbati wamejaa. Sasa gamba lile ukilivunja ndani yake kuna oksijeni, na oksijeni iko nyepesi na iko nzito, maji yakiwa ya baridi gamba linabeba nzito zaidi, yakiwa ya moto inapungua. Harold Urey wa Marekani aliligundua wazo hilo miaka ya 1940, kwamba gamba ni kipimajoto. Tena kuna jambo la pili linaingiliana, barafu ikijikusanya duniani inaficha maji yenye oksijeni nyepesi huko kwenye nchi kavu, bahari inabaki na nzito, kwahiyo gamba linakuambia joto na kiasi cha barafu kwa mpigo, na kazi ya mtaalamu ni kutenganisha sauti hizo mbili.

Shida ni kwamba gamba likikaa mamilioni ya miaka chini ya bahari linabadilika. Maji yanapita pita kwenye tope, chokaa ya zamani inayeyuka kidogo kidogo na mpya inajijenga mahali pake, na hiyo mpya inajijenga sakafuni kwenye baridi. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wanapima magamba ya kutoka bahari kuu za tropiki na wanapata majibu ya ajabu, kwamba zama ambazo ncha za dunia hazikuwa na barafu kabisa, eti bahari za ikweta zilikuwa za baridi kuliko leo. Haikuingia akilini. Mwaka 2001 mwanajiolojia Paul Pearson wa Uingereza na wenzake wakatoa majibu wakitumia magamba yaliyohifadhika vizuri mno, ya Tanzania yakiwemo, wakaonyesha bahari ya tropiki ilikuwa na nyuzi joto angalau 28 mpaka 32. Kosa lilikuwa kwenye magamba yaliyobadilika. Ya kwetu hayakubadilika kwasababu mfinyanzi huu hauruhusu maji kupita. Haunyonyi! Yale magamba ukiyaona kwenye picha yanang'aa kama kioo, wakati ya sehemu nyingine ni meupe kama chaki.

Baada ya hapo wakaja kutoboa visima kabisa, wakishirikiana na TPDC, shirika letu la petroli, na kwenye orodha ya waandishi nimemkuta mama wa Kitanzania, Joyce Singano, mtaalamu wa hivihivi visukuku vidogo. Nimeliandika jina lake kwa chaki ubaoni na nimeacha hapo wiki nzima.

Visima vya upande wa Pande vilipita kwenye wakati wa karibu miaka milioni 33.7 iliyopita, wakati Antaktika iliyokuwa haina barafu kubwa ilipoanza kufunikwa. Hapo wakapima kitu kingine kwenye magamba, boroni, nayo ina aina mbili na uwiano wake unafuata ukali wa tindikali ya maji, na ukali wa maji unafuata hewa ukaa iliyoko angani. Yani kutoka kwenye tope la kwa mama yangu wakapata hewa ya siku ile. Mwaka 2009 wakaandika: hewa ukaa ilishuka kwanza, ndipo barafu kubwa ikaja, na wakati barafu inakua ilikuwa kama chembe 760 kwenye milioni. Kipimo chenyewe ni kipana, kinaweza kuwa 450 au hata 1,500, na wao wenyewe wamesema hivyo wazi, na hilo limenifanya niwaamini zaidi. Yule binti aliuliza nani alikuwepo akapima. Kidudu alikuwepo, akaandika, akalala Pande.

Nikamweleza mjomba yote haya tumekaa kwenye kigogo cha mkorosho. Akasikiliza mpaka mwisho halafu akauliza jambo moja: "Na sasa hivi iko ngapi?"

Nikamwambia imepita 420. Alivyoanza kuipima mwanasayansi Charles Keeling kule Hawaii mwaka 1958 ilikuwa kama 315, kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Mjomba amezaliwa kabla ya 1958. Akanyamaza muda, akasema "kwahiyo imepanda mimi nikiwa hai". Ndiyo mjomba. Badiliko lile la Pande lilichukua miaka laki kadhaa, mimea na wanyama walikuwa na muda wa kuhama, na bado wengi walipotea, kuna jamaa zake wale foraminifera, wakubwa wa mviringo kama sarafu, ambao wanaisha palepale kwenye tabaka hilo. Sisi tunafanya yetu ndani ya umri wa mtu mmoja. Hiyo ndo sehemu inayoniuma mimi, sio ukubwa wa namba, ni mwendo wake.

Tukaongea na habari ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ilikatika huko kuelekea Somanga na sisi wa kusini tukabaki kama kisiwa siku kadhaa. Kimbunga kimoja hakithibitishi kitu, nimemwambia hivyo, hata Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952 na wazee wanakisimulia. Ila kumbukumbu ya wazee inaishia hapo kwa bibi na babu. Ukitaka zaidi unaenda kwenye matumbawe, kule Malindi Kenya wametoboa tumbawe lenye mistari ya kila mwaka kama pete za mti wakapata karibu miaka 200, kuanzia 1801. (Na sisi tunayachoma matumbawe kwenye tanuri tupate chokaa. Kila nikipita kwenye tanuri sasa naona mtu anachoma daftari.) Ukitaka zaidi ya hapo ndo unashika chepe.

Nikachukua bonge langu. Fundi alinishangaa, nilichagua la chini kabisa lisilo na madoa ya njano, nikafunga kwenye kiroba. Hapa nyumbani nimelianika juani likauke hasa, ndo siri, likikauka ukalitia majini linamumunyuka lenyewe kama biskuti kwenye chai. Halafu nikatandika mtandio wa shifoni juu ya beseni nikawa namimina taratibu, maji yanapita mazito ya kijivu kama uji, namimina tena, natikisa, namimina tena, ndoo sita. Mwisho kwenye mtandio pakabaki kijiko kimoja cha kitu kama mchanga laini sana. Nikakianika kwenye kisosi.

Leo asubuhi nikapeleka shule. Tuna maikroskopu moja inayofanya kazi, ya bailojia, ukiwasha taa yake ya chini unaona vivuli tu, mpaka tukamulika na tochi ya simu kwa ubavuni. Nikasogeza, nikasogeza, punje za mchanga, punje za mchanga, halafu nikaona vijipovu vitatu vinne vimeshikana kwa mzunguko, kidogo mpaka kikubwa, kimoja kimevunjika ukingo, na ukuta wake unapitisha mwanga. Nikaona matundu madogo madogo kwenye ukuta ule. Nikaita yule binti.

Aliinama akakaa muda mrefu sana. Wenzake wanasukumana nyuma yake, madam na sisi, madam kengele inakaribia, yeye kaganda. Halafu bila kuinua kichwa akasema, "Madam, ni kama popkoni." Akanyamaza. "Huyu ndo alikuwepo?"

Wote arobaini na mbili waliangalia, kipindi cha hesabu kikaliwa nusu na mwalimu wa hesabu naye akaingia foleni.

Jioni hii mjomba kapiga simu. Mvua imenyesha Pande, ukingo wa shimo umemeguka, na chini ya ule wa kijivu umetokea mwingine mweusi zaidi. Amemwambia fundi asubiri. Kaniwekea bonge ndani, juu ya kabati, kwenye mfuko wa ufuta, anauliza nitume nauli ya bodaboda aulete stendi au nitakuja mwenyewe Jumamosi.