Utabiri wa Big 12 ulinikwamisha kalamu

Kabla ya msimu wa 2025 wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo, mchana mmoja kazini hapa Phoenix tuliandika utabiri wetu: nani atachukua ubingwa wa kila konferensi, yaani kundi la vyuo vinavyoshindana kwenye ligi moja.

Konferensi ya SEC niliwapa Georgia. Big Ten, Ohio State. ACC, Clemson.

Konferensi ya Big 12 ndiyo ilinikwamisha kalamu.

Kabla ya msimu wa 2024, waandishi wa habari waliiweka Arizona State nafasi ya 16 kati ya timu 16. Mkiani kabisa! Desemba ikaichapa Iowa State 45-19 kwenye fainali. Ndiyo kwanza ilikuwa imeingia konferensi hiyo.

Mzee mmoja tunayefanya naye kazi alisoma Arizona State, pale mjini Tempe. Siku hiyo aliandika jina la chuo chake kwa herufi kubwa, polepole, kama anayeandika jina la mtoto wake.

Nikautazama ule mkono. Nami nikaandika jina hilo hilo.

Nilijua Cam Skattebo, mkimbiza mpira wao, alikuwa ameshaondoka, na pengo lake lilikuwa kubwa. Lakini Sam Leavitt, mrusha mpira wao (quarterback), alikuwa bado yupo msimu huo, na mimi nilimwamini.

Ndugu zangu mlioko huku Marekani, Big 12 ya 2025 mlimpa nani?