Kabla hujaomba seva mpya

Timu ikilalamika kwamba bildi yao ya Yocto inamaliza siku nzima, ombi linakuwa lilelile: tununuliwe seva yenye kori nyingi, yaani viini vya prosesa. Mimi huomba kwanza nionyeshwe mstari mmoja tu, ule unaochapwa na BitBake, programu inayoendesha bildi za Yocto, kabla haijaanza kazi, unaoanza na "Sstate summary". Humo inasema imehitaji vitu vingapi, vingapi imevikuta kwenye kache (hifadhi ya matokeo ya bildi za zamani) na vingapi imevikosa. Kama vilivyokosekana ni vingi wakati jana mmejenga picha ileile (faili la mfumo mzima linalowekwa kwenye kifaa), seva mpya itawafanyia haraka kazi ambayo haikutakiwa kufanywa kabisa.

Kwa asiyeijua, Yocto ni mradi ulioanza 2010 chini ya Linux Foundation, wa kujitengenezea Linux ya ruta, ya mita, ya skrini ya gari. Inaanzia mbali: inajenga kompaila yake, kisha glibc (maktaba ya msingi ya C), kerneli (kiini cha Linux), ndiyo ifike kwenye kaprogramu kako. Ukiweka na kivinjari cha Chromium humo, nenda kalale.

Kinachookoa ni saini. Kila kazi ina saini yake, hashi (namba ya utambulisho) inayokokotolewa kutokana na msimbo wake na vigezo inavyovisoma. Hashi ikiwa ileile, matokeo ya zamani yanachukuliwa. Ikibadilika, kazi inarudiwa, na wote wanaoitegemea wanaburutwa nayo.

Kuna timu moja ya mita za maji ambayo kila usiku kompaila ilitoka kwenye kache vizuri, lakini vyote vilivyofuata vilijengwa upya. Wakawa wanailaumu diski. Nikaendesha bitbake-diffsigs, zana ya kulinganisha saini, kwenye zlib, maktaba ndogo isiyoguswa na mtu, ikanionyesha kwamba TARGET_CFLAGS, maagizo yanayopewa kompaila, imebadilika: jana ilikuwa na namba moja ya bildi, leo nyingine. Mtu alitaka programu yao ionyeshe namba hiyo kwenye skrini, akaiweka kwenye faili la usanidi wa distro (mfumo mzima), inakosomwa na kila kifurushi. Kwa hiyo zlib nayo ikawa inajua namba ya bildi, sijui ya nini. Tuliihamishia kwenye resipi (faili la maelekezo ya kujenga) ya programu yao peke yake, na usiku uliofuata ni resipi hiyo na picha ya mwisho tu zilizojengwa.

Jambo jingine ninalolikuta sana: watu wanachangia SSTATE_DIR, folda ya kache, kwenye mtandao wa ofisi, halafu kila mmoja anabaki na seva yake mwenyewe ya hashi. Tangu toleo la 3.0 la 2019, Yocto inaweza kutambua kwamba kazi imebadilika lakini imetoa kitu kilekile, ikasamehe kazi zinazoitegemea. Utambuzi huo unakaa kwenye seva ya hashi. Basi changieni vyote viwili, BB_HASHSERVE, kigezo kinachotaja seva ya hashi, ielekee sehemu moja, la sivyo kache ya mwenzako utaiona na usiweze kuitumia. DL_DIR, folda ya misimbo inayopakuliwa, nayo mchangie, hasa mnaolipia intaneti kwa GB.

Hizo kori sasa. BitBake huanzisha kazi nyingi kadiri ya kori zilizopo, na kila kazi nayo inaita make, programu inayoendesha kompaila, kwa idadi hiyohiyo. Vifurushi vikubwa vya C++ vikikutana, RAM inaisha na kerneli inaanza kuua kompaila. Punguza PARALLEL_MAKE, kigezo cha idadi hiyo ya make, kwa vile vichache vizito, vingine viache vikimbie.