Mtu aliyekamilika

Tangu nirudi Jinja, hapa Uganda, swali ninaloulizwa sana ni nimerudi na nini kutoka Uingereza. Lakini nikitafuta mtu aliyekamilika, mimi macho yangu yako kwa mzee mmoja wa mtaa wetu wa Walukuba. Alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo, miaka ile umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, ulipoujaza mji huu viwanda.

Hana digrii. Anaongea Kisoga, Kiganda, Kiacholi na Kiswahili chetu cha mtaani. Akifika msibani hangoji kuelekezwa: anaangalia kama kuni zipo, anapanga viti, kisha anakwenda kukaa na yule ambaye wengine wamemsahau. Jioni anafundisha vijana mpira. Taarifa ya habari ikiisha, anaijadili kwa hoja. Popote utakapomweka, anafaa. Kule nilikokuwa, mtu huulizwa anafanya kazi gani na maongezi yanaishia hapo.

Tumesahau kwamba hata Makerere, chuo kikuu chetu kikongwe, ilianza 1922 ikiwa shule ya ufundi, vijana 14 wakisomea useremala, ujenzi na umakanika. Baadaye kazi ya mikono ikaonewa aibu. Kizazi chetu tulikariri tukafaulu, na aliyeanguka mtihani ndiye aliyepelekwa ufundi, kana kwamba anaadhibiwa. Jambo hili linaniuma hadi leo.

Ndiyo maana mtaala wa sekondari ulioanza 2020, unaowataka wanafunzi wafanye miradi kwa mikono yao, unanipa moyo. Binti wa kaka yangu yuko kidato cha pili, na Jumamosi nilimkuta uani na beseni, anakoroga sabuni ya maji kwa mwiko mrefu, polepole ili povu lisijae. Nikataka kumsaidia.

“Shangazi, chumvi usiimwage yote! Kidogo kidogo. Ndiyo inayoifanya iwe nzito, lakini ikizidi inarudi kuwa maji.”

Akanieleza kwa nini, kwa kemia ambayo mimi niliikariri bila kuigusa. Kisha akapiga hesabu ya kila chupa kwenye daftari, akatoka kwenda kuuza: kwa huyu Kiswahili, kwa yule Kisoga, na kwa bibi wa nyumba ya pili akapiga magoti kwanza, akasalimia, akauliza hali ya mguu wake. Sabuni ikaja mwisho. Nilisimama mlangoni nimejawa na furaha.

Lakini kazi za darasani na miradi zinabeba asilimia 20 tu ya alama za UCE, cheti cha kidato cha nne. 80 zimebaki kwa mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Kwangu 20 ni kidogo mno. Na ile salamu ya kwa bibi haina alama popote, ingawa bila hiyo chupa isingenunuliwa.

Muhula ukifunguliwa nitakwenda kuonana na mkuu wa shule yake. Nataka yule mzee apewe hata saa moja kwa wiki na watoto, kwa maana wenzake wa viwandani wanazidi kupungua. Nauli yake nitalipa mimi.