Trinidad ya Cuba: nilianza na makasri, kumbe mlango uko bondeni

Kadi yangu ilikataa mara tatu mbele ya mashine ya benki mjini Havana. Nilipopiga simu Toronto ninakoishi, nikaambiwa benki iliyoitoa ina uhusiano na Marekani, na kadi za namna hiyo Cuba hazifanyi kazi. Mfukoni nilikuwa na dola 600 za Kanada, za kunitosha siku tisa. Mama mwenye nyumba nilikofikia akanikalisha kwenye kiti cha kuyumba, akaniwekea kahawa, tukapiga hesabu pamoja kwenye karatasi. Tulipomaliza nilikuwa nimefuta Cienfuegos, nimefuta Santiago, nimebakiza Trinidad peke yake. Leo namshukuru Mungu kwa hilo, maana Trinidad ndiko nilikotaka kwenda tangu mwanzo, na siku zote zikaenda huko.

Yeye ndiye aliyenitafutia taksi ya pamoja, ile gari ya watu wanne watano wanaochangia nauli. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300 kuelekea kusini-mashariki, na tulifika alasiri. Nyumba ya kulala alikwishanipigia simu: nyumba ya familia yenye alama ya nanga ya buluu mlangoni, ambayo ni ruhusa ya serikali ya kupokea wageni. Nikalipa siku zote kwa noti, chakula cha usiku kikiwemo. Nikajua sasa nimebakiza nini, na moyo ukatulia. Kama unakwenda, fanya hivyo hivyo: beba noti za kutosha, lipa malazi mapema, halafu iache kadi isahaulike mkobani.

Nimezaliwa Pemba, Wete, katika nyumba iliyoishi kwa karafuu. Nasema hivyo kwa sababu Trinidad sikuitazama kwa macho ya mtu aliyetoka mbali na mambo ya mashamba na utumwa. Mji ulianzishwa na Mhispania Diego Velázquez mwaka 1514, lakini fedha iliyoujenga unavyoonekana leo ni ya sukari, kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19. Baada ya hapo bei zikaanguka, vita vya kudai uhuru vikaanza mwaka 1868, biashara ikahamia kwingine, na mji ukabaki umesimama palepale. Hapakuwa na fedha ya kubomoa wala ya kujenga upya. Ndiyo maana UNESCO ilipouingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1988, mawe ya barabarani yalikuwa bado yale yale ya mtoni, ya mviringo, yanayoumiza nyayo kama huna viatu vya soli nene.

Siku mbili za kwanza nilifanya wanavyofanya wote. Nilizunguka Plaza Mayor, uwanja mkuu wa mji, nikaingia makasri mawili, Palacio Brunet na Palacio Cantero. Nilivutiwa sana na madirisha: marefu karibu toka sakafuni mpaka darini, hayana kioo, yana nondo za mbao zilizochongwa kwa keezo, na upepo unapita kama kwenye nyumba zetu za Mji Mkongwe. Ndani kuna ua, mimea, kisima cha maji ya mvua. Sakafu ni marumaru, vyombo vya kaure vimepangwa kabatini. Palacio Cantero ina jina la Justo Cantero, daktari aliyekuwa pia tajiri wa sukari. Nilipanda ngazi zake nyembamba mpaka mnarani, nikaona mapaa ya vigae vyekundu, nikaona bahari. Uzuri upo, sitaki kuuficha. Lakini usiku wa pili nililala na kitu kimenikaa kifuani. Nilikuwa nimetazama vikombe vya kahawa na vitanda vya watu kwa siku mbili nzima, na sikumwona hata mmoja wa wale watumwa waliovilipia kwa mwili wao.

Usiku huo umeme ulikatika. Mama mwenye nyumba ya Trinidad, ambaye mtaa mzima unamwita «tía», yaani shangazi, alileta mshumaa na sahani ya congrí, ambayo kwetu ni wali wa maharage usio na nazi. Kihispania changu ni cha kuokoteza, ila nilimweleza nilichokuwa nahisi. Akasema kesho niende bondeni.

Valle de los Ingenios, Bonde la Viwanda vya Sukari, liko mashariki ya mji. Ndani yake kuna mabaki ya viwanda vya sukari zaidi ya 70. Mpwa wa tía alinipeleka saa mbili asubuhi kwa gari la zamani lenye injini ya kuungaunga, mpaka Manaca Iznaga. Hapo nyumba ya bwana shamba bado ipo, baadhi ya mabanda walimolazwa watumwa bado yapo, na katikati unasimama mnara uliojengwa mwaka 1816, wa ghorofa saba, kama mita 45 kwenda juu. Chini ya mnara wanawake wametanda vitambaa vyeupe vya meza kwenye kamba, vya kutarizi kwa kuvuta nyuzi, na upepo unavipeperusha vyote kwa pamoja.

Nilipanda. Ngazi ni za mbao, zimesimama wima, na kila ghorofa inakuwa nyembamba kuliko ya chini yake. Juu unaona bonde lote mpaka milimani Escambray, na hapo ndipo unafahamu mnara ulikuwa wa nini: mlinzi aliyesimama pale aliweza kumwona kila mtu shambani, na kila mtu shambani alijua kwamba anaonekana. Kengele ya mnara ndiyo iliyowaamsha watumwa, ikawapa kazi, ikawaondoa kazini, na ikalia kwa namna nyingine kama mtu ametoroka au moto umewaka. Siku hizi imeteremshwa, imewekwa chini karibu na nyumba. Niliigusa. Ilikuwa na joto la jua, nzito, ukingo wake umepauka rangi, na niliondoa mkono haraka kuliko nilivyotarajia.

Nyuma ya nyumba wana kinu cha kukamulia miwa, cha kusukuma kwa mti mrefu. Nikashika mti pamoja na wageni wawili. Mzunguko wa kwanza ni mchezo, wa tatu mabega yanaanza kuuma. Juisi inayotoka wanaiita guarapo, wakaitia ndimu, nikanywa, na ulimi wangu ukafika Forodhani, Unguja, jioni, kwa wale wauza juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi.

Hapo ndipo nilipoielewa ile kengele, kwa sababu ya karafuu. Karafuu ikishachumwa na kuchambuliwa makonyo, ikaanikwa juani kwenye majamvi, inasubiri. Ikikauka inakaa ghalani miezi. Muwa hausubiri. Ukishakatwa, utamu wake unaanza kuharibika ndani ya siku moja mbili, kwa hiyo msimu wa mavuno kinu kilikwenda usiku na mchana, na watu wakaenda na kinu. Utumwa wa karafuu kwetu ulikuwa utumwa, sitaki mtu aupambe. Sheria ya kuukomesha Unguja na Pemba ilikuja 1897 tu, miaka 11 baada ya Cuba. Ila muwa ulikuwa na haraka yake, na haraka hiyo ilikula watu.

Jioni niliporudi mjini nilipita mahali panapoitwa Palenque de los Congos Reales, wanapopiga ngoma. Mzee mmoja mpiga ngoma aliniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akaanza kunitajia maneno ya dini ya wazee wake waliotoka Kongo. Akasema nganga, nikamwambia mganga. Akasema ngombe, nikamwambia ng'ombe. Kwake nganga ni chungu kitakatifu, kwangu ni mtu wa dawa, lakini neno ni lile lile, limevuka bahari ndani ya vinywa vya watu ambao hawakuruhusiwa kubeba kitu kingine. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, nami nikashindwa kusema lolote, si kwa Kihispania wala kwa Kiswahili.

Kwa hiyo ukienda Trinidad, anza na bonde, siku ya kwanza kabisa, kabla hujaingia kasri lolote. Mimi nilianza kinyume, ikabidi nirudi.

Asubuhi ya mwisho nililipa tena kiingilio cha Palacio Cantero, kwa pesos nilizokuwa nimezitenga kwa chakula cha mchana. Mnarani sikupanda. Nilipita sebule bila kusimama, nikatoka uani, nikaenda upande wa jikoni, nikakaa kwenye kivuli mpaka saa yangu ya kuondoka ilipofika na mpwa wa tía akaja kunitafuta.