Nilivyolipiga shoku bwawa la loji baada ya Idd

Ninatunza bwawa la kuogelea la loji moja hapa Shangani, Mtwara. Idd ndiyo inayolitesa kuliko siku nyingine zote. Watoto wanajaa tangu asubuhi, wamepakwa mafuta, wanatoka jasho, na si kila mmoja anakumbuka kutoka majini kwenda chooni. Mwaka huu, Idd pili jioni, mama mmoja alinifuata akiwa amemshika mwanawe mkono. "Kaka, hebu mtazame macho yalivyoiva. Klorini mmezidisha." Bosi naye aliposikia harufu akaniambia nipunguze dawa.

Nilimwomba tupime kwanza. Harufu ile kali haitokani na klorini iliyo huru, bali na ile iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Hiyo ndiyo inayowasha macho, na nguvu yake ya kuua vijidudu ni ndogo sana. Kidonge cha DPD namba 1, dawa ya kupimia inayogeuza maji kuwa ya waridi yakiwa na klorini, kilionyesha klorini huru miligramu 0.5 kwa lita. Nikatia namba 3 katika chupa ileile, rangi ya waridi ikakolea bosi akiwa anaangalia: jumla 1.5. Kwa hiyo klorini iliyoungana ilikuwa 1, na mimi ikishapita 0.2 sikai kimya.

"Kwa hiyo tuongeze tena?"

"Ndiyo bosi, na iingie nyingi kwa mpigo mmoja."

Ukiitia kidogo kidogo, inaendelea kuungana na uchafu na hali inabaki palepale. Shoku, yaani huko kutia nyingi kwa mpigo mmoja, inataka ufike mara 10 ya klorini iliyoungana, hapo ndipo ule uchafu unavunjwa kabisa. Kwetu ilikuwa ni kupandisha miligramu 10 kwa lita. Bwawa lina urefu wa mita 10 na upana mita 5. Kina kinaanzia mita 1 na kuishia 1.8, wastani 1.4. Jumla mita za ujazo 70. Miligramu 1 kwa lita ni sawa na gramu 1 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo zinahitajika gramu 700 za klorini halisi. Unga wetu ni kalsiamu haipokloraiti ya asilimia 70: gawa 700 kwa 0.7, unapata kilo 1 kamili. Ukinunua wa asilimia 65, hesabu inabadilika, inakuwa kama gramu 1,080. Soma ndoo kabla ya kupima, na upime kwa mizani. Kopo la kukadiria silikubali.

Kabla ya klorini nilishusha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Kisima chetu kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake ni magumu na pH hupanda upesi. Ikifika 8, ni kama robo tu ya klorini huru inayobaki katika hali yake yenye nguvu; kwenye 7.5 ni karibu nusu. Niliiteremsha hadi 7.3 kwa asidi, nikaacha pampu izungushe maji vizuri ndipo nikaendelea, maana asidi na klorini zikikutana zinatoa gesi ya sumu.

Unga niliutia jua lilipozama, kwa sababu jua la pwani linakula klorini kwa kasi. Glavu, miwani, barakoa, na upepo nimeupa mgongo. Maji yanatangulia kwenye ndoo, unga unafuata kidogo kidogo. Usimwagie unga maji hata siku moja. Nikamimina nikizunguka ukingo, nikasugua kuta kwa brashi, pampu ikafanya kazi usiku kucha.

Jambo moja linalonikosesha usingizi ni stoo. Huku kwetu wenye mikorosho huweka mifuko ya salfa ya kupulizia ubwiri unga, na bosi wangu ni mmojawapo. Unga huu wa klorini ukichanganyika na salfa unaweza kuwaka moto wenyewe. Hata vidonge vya klorini vya kuelea havichotwi kwa kikombe kilichogusa unga huu, vinaweza kulipuka. Salfa tuliihamishia chumba cha mbali, na klorini ina kikombe chake.

Nilipopima usiku ule, rangi ya waridi ilijitokeza ikapotea papo hapo, chupa ikabaki nyeupe. Asiyejua atasema klorini imekwisha, aongeze. Kumbe imezidi hadi imefuta rangi yenyewe. Nilichanganya sehemu 1 ya maji ya bwawa na 9 za maji ya chupa yasiyo na klorini, nikapima, nikazidisha kwa 10.

Kesho yake jua lilifanya kazi yake. Klorini huru iliposhuka chini ya 3, na iliyoungana ikasoma 0.1, nilimwita bosi aone mwenyewe, kisha nikaondoa kibao cha kufunga bwawa. Siku hiyohiyo akamwita fundi bomba afunge bafu la nje, watu waoge kabla ya kuingia.