Hereni zinang'aa, macho yana ukungu

Jamani, kumbe mkono wangu hauna kosa! Picha za kwanjula (sherehe ya Waganda ya utambulisho wa ndoa) kule Masaka zilitoka hereni za bibi harusi zinaonekana wazi, macho yana ukungu. Jana umeme uliporudi nikaweka kamera yangu ya DSLR (ile yenye kioo cha kuakisi ndani) kwenye stendi, nikailaza rula mshazari nyuzi 45, lenzi ya milimita 50 nikaifungua hadi f/1.8 (tundu pana), nikalenga namba 15. Nikapiga picha kumi, kila mara nikivuruga fokasi kwanza (wengi huruka hapo). Nane ziliangukia 18, nyuma ya shabaha. Kupitia skrini badala ya kitundu cha kuchungulia: 15 barabara! Basi lenzi ni nzima, vihisi, cha fokasi na cha picha, ndivyo havijalingana. Kwenye menyu ya kurekebisha fokasi nimeweka hasi 6, ili fokasi isogee mbele. Mwanangu anadai rula yake.