Nilitaka tezi zote za kwapa zitolewe

Nilipoambiwa kwamba kile kivimbe cha titi la kushoto ni saratani, neno la kwanza lililonitoka ni: "Basi toeni kila kitu, na kwapa mlikombe." Daktari wa upasuaji hakubisha. Aliniuliza tu, "Mama, huo mkono unaufanyia kazi gani?" Nikamwambia mimi ni fundi cherehani. Akaandika kwenye faili, akasema tutazungumza majibu ya altrasaundi ya kwapa yakishatoka.

Nikaona ananizungusha. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: saratani ya titi husafiri kwa mirija ya limfu, yaani maji ya mwilini, kituo chake cha kwanza ni tezi za kwapani, kwa hiyo ukizing'oa zote umeziba njia. Hesabu hiyo nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo iliyonisumbua wiki mbili nzima.

Altrasaundi haikuona tezi yenye sura mbaya, na daktari alipopapasa kwapa hakukuta kitu. Nikadhani yamekwisha. Kumbe tezi inaweza kubeba chembe za saratani ndogo kiasi kwamba picha haizioni. Ili ujue, lazima tezi itolewe ikatazamwe kwa hadubini. Ubishi wote ni juu ya ngapi.

Dada yangu, aliyekuja na daftari lake, ndiye aliyeuliza la maana: "Daktari, mkizitoa zote, maji ya mkono yatapita wapi?" Daktari akageuza karatasi ya miadi, akachora titi, mirija kama vijito, na kwenye mdomo wa kwapa duara moja dogo. "Hii tunaiita tezi mlinzi. Maji yanayotoka kwenye titi yanapita hapa kwanza. Mlinzi akiwa hajaguswa, walio nyuma yake kwa kawaida nao ni wazima." Wakati mwingine walinzi ni wawili au watatu. Hakunificha kwamba kipimo hiki hudanganya: katika utafiti mmoja mkubwa, kwa kila wagonjwa 10 waliokuwa na saratani kwapani, karibu mmoja mlinzi wake alionekana safi.

Kisha akaniambia bei ya kile nilichokuwa nakidai. Kusafisha kwapa (jina tamu mno kwa kazi ile) ni kutoa mafuta ya kwapani pamoja na tezi zake, mara nyingi 10 au zaidi. Mkono unaweza kuvimba na uvimbe usiondoke tena. Na kwa kuwa neva ya ngozi ya ndani ya mkono hukatiza katikati ya tezi hizo, wengi hubaki na ganzi hapo. Nikautazama mkono wangu ulioshika mkasi miaka yote hiyo. Nikasaini ya mlinzi.

Asubuhi ya upasuaji nilichomwa sindano kando ya chuchu, dawa yenye mionzi kidogo iitwayo teknesiamu. Ilichoma kama nyigu. Nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6, kwa hiyo haikai mwilini. Nikishalala kwa nusu kaputi waliongeza dawa ya bluu. Daktari huitafuta tezi iliyokunywa rangi, huku akipitisha kwapani kijiti kinacholia kila kikiikaribia mionzi. Ambalo hakuna aliyeniambia ni kwamba mkojo nao ungetoka wa kijani. Nilipiga kelele chooni nikijua figo zimekufa. Nesi alikuja mbio, akacheka hadi akaegemea mlango: "Mama, ni ile rangi tu!"

Zilitolewa tezi 3. Majibu ya maabara yalisema moja ina saratani, milimita 3. Pale pale nikarudi kwenye wimbo wangu: nirudisheni chumba cha upasuaji, mmalizie. Daktari akanieleza habari za wanawake 891 wa utafiti ulioanza Marekani mwaka 1999. Wote walikuwa na mlinzi mmoja au wawili wenye saratani. Nusu walisafishwa kwapa, nusu wakaachwa. Baada ya miaka 10 walioachwa hawakufa zaidi ya wenzao. Ila alisisitiza masharti: uvimbe wa titi usiozidi sentimita 5, kwapa lisilo na kitu cha kupapasika, uvimbe uwe umetolewa na titi likabaki, na titi lote lipigwe mionzi baadaye. Kama ningetolewa titi zima bila mionzi, angeniambia mengine. Mimi nilitimiza yote. Nilikaa nalo siku nne, nikampigia simu kwamba tuache.

Wiki ya tatu kamba ngumu ilijitokeza chini ya ngozi, kutoka kwapani kuelekea kiwiko, nikashindwa kuinua mkono kufikia hata rafu ya vitambaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema huwatokea wengi, hata waliotolewa tezi chache, na huisha. Akanifundisha kupandisha vidole ukutani kama buibui. Kila Jumapili nilipiga mstari wa chaki ya kushonea pale kidole cha kati kilipofika. Mstari wa wiki ya tisa ulipita ule wa mkono wa kulia, ingawa dada bado anadai nilisimama kwa ncha za vidole vya miguu.